Ngwatio ya Maandishi: Uhakiki wa Wazo la Jarida la Kujitolea katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mafundi wa kompyuta, lakini kwa hakika ni swali la lugha na la uandishi: jarida linaloendeshwa na watu wa kujitolea, lisilotafuta faida, huishi kwa nini na hufa kwa nini? Swali hili si geni katika nchi yetu, na hasa katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Hata hivyo wahakiki wa Kiswahili tumezoea kukihakiki kitabu kilichokwisha kuchapwa, na ni kwa nadra sana tunakihakiki chombo kinachoyabeba maneno ya mwandishi hadi kwa msomaji. Riwaya ina wahakiki wake, tamthilia ina wake, na ushairi ndio usiseme. Jarida dogo halina.

Sababu ya kulizusha suala hili sasa ni ya karibu. Mapema mwaka huu vijana wanne walinijia hapa Nyeri na rasimu ya kurasa 24. Wawili wao ni wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, mmoja ni mwalimu wa shule ya upili, na wa nne ni fundi wa simu mjini Karatina. Walitaka kuanzisha jarida la Kiswahili kwa ajili ya watumiaji na watungaji wa programu huria katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Waliniomba mambo mawili: niusahihishe Kiswahili wa rasimu yao, kisha nikubali kuwa mhariri mkuu. "Shida yetu ni Kiswahili tu, mwalimu," alisema mmoja wao. "Ukishatunyooshea hapo, tutachapa."

Nilikaa na rasimu ile majuma mawili. Nilipoimaliza, nilikuwa nimeamini kwamba Kiswahili hakikuwa shida yao ya kwanza, na kwamba ile sehemu ya shida iliyokuwa ya Kiswahili ilitokana kwa kiasi kikubwa na mafundisho yangu mwenyewe. Makala haya ni jibu langu kwao, nililolirefusha kwa kuwa nadhani wapo wengine wanaokusudia kazi kama hiyo.

Maana ya programu huria

Kabla ya kuingia katika kiini cha mjadala wetu, yafaa istilahi hii ieleweke. Programu ya kompyuta huandikwa na mtu kwa lugha maalumu, kama vile shairi linavyoandikwa kwa bahari yake. Programu nyingi zinazouzwa hufichwa maandishi yake ya ndani. Mnunuzi hupewa haki ya kuitumia tu. Programu huria ni ile ambayo maandishi hayo yamewekwa wazi, na mtumiaji amepewa uhuru wa namna nne: kuitumia kwa kusudi lolote, kuichunguza, kuirekebisha, na kuigawa kwa wengine, iwe katika hali yake ya asili au ikiwa imekwisha kurekebishwa.

Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wake wa programu za namna hii mwaka 1983, na mwaka 1989 ikatolewa leseni inayoulinda uhuru huo kisheria. Mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, alianza kazi iliyokuja kuitwa Linux, ambayo leo imo ndani ya mamilioni ya simu zinazotumia Android. Kwa maneno mengine, fundi wa Karatina anapoifungua simu ya mteja, mara nyingi anashika kazi ya watu wengi waliokubali kazi yao isomwe na irekebishwe na yeyote.

Sisi tulio wanafunzi wa fasihi simulizi hatupaswi kuushangaa utaratibu huu. Ngano haina leseni, lakini kila mtambaji huichukua, huirekebisha na kuigawa. Tofauti ni kwamba watungaji wa programu huria wameiandika haki hiyo kwenye karatasi ili asije mtu mmoja akaifungia ngano nyumbani kwake.

Majarida tuliyoyarithi

Vijana walioniletea rasimu walidhani kwamba wanaanza jambo jipya. La hasha. Sehemu hii ya nchi ina mapokeo ya majarida madogo yaliyotangulia redio ya transista, na yatupasa kuyatazama kwa jicho la uhakiki. Nitayapima kwa maswali matatu: Nani anaandika? Nani anamiliki? Nani anaruhusiwa kujibu?

Mwaka 1916 wamisionari wa Kikatoliki wa Konsolata walianza kuchapisha hapa Nyeri jarida la Kikuyu liitwalo Wathiomo Mukinyu, yaani rafiki wa kweli. Halikuanzishwa kwa ajili ya faida ya fedha, na kwa maana hiyo lilikuwa jarida lisilo la biashara. Lakini misheni ilimiliki mtambo, karatasi na uamuzi wa mwisho. Lilimpa msomaji wa Kikuyu mazoea ya kusoma habari kwa lugha yake, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo rafiki huyu wa kweli alikuwa rafiki wa kufundisha, na mwanafunzi hakuwa na ruhusa ya kumsahihisha mwalimu.

Mwezi wa Mei 1928 lilitokea jarida la namna nyingine. Chama cha Kikuyu Central Association kilianza kutoa Muigwithania, mhariri wake akiwa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya kwa jina la Jomo. Neno Muigwithania lina maana ya mpatanishi, yule anayewafanya watu wasikilizane. Jina hilo lilikuwa pia maelezo ya kazi. Humo mlikuwa na barua, mashauri, methali, mabishano juu ya ardhi, juu ya elimu na juu ya mwenendo wa vijana. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na hivyo nakala moja ilikuwa na masikio mengi. Wengi wa waandishi wake hawakuwa waandishi kwa kazi; walikuwa walimu, makarani na wakulima waliokaa usiku wakaandika barua kwa watu wao.

Haifai kulitukuza jarida hili kupita kiasi. Lilikuwa sauti ya chama, na mhariri wake wa kwanza alikuwa mtumishi wa chama hicho. Lakini tukio la mwaka 1929 linatufundisha jambo. Mwezi wa Februari mwaka huo Kenyatta alisafiri kwenda Uingereza kupeleka madai ya ardhi, na jarida halikuzikwa naye. Wengine walilishika, na chombo hiki kilidumu, ingawa kwa vipindi, mpaka serikali ya kikoloni ilipokipiga marufuku chama chenyewe mwaka 1940. Lilimpoteza mhariri aliyekuwa maarufu kuliko wote likaendelea, kwa sababu barua za wasomaji hazikuacha kuja.

Lipo jambo jingine juu ya Muigwithania ambalo humwuma kila mtafiti. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilitamani kuyasoma matoleo yake kwa Kikuyu. Niligundua kwamba sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo imetufikia kwa tafsiri za Kiingereza zilizofanywa kwa ajili ya serikali ya kikoloni, nazo zimo katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi. Aliyelipeleleza jarida ndiye aliyelitunza. Wenye jarida hawakupata nafasi ya kuweka kabati la nakala zao wenyewe.

Baada ya vita vya pili vya dunia magazeti ya Kiafrika yaliongezeka. Henry Muoria, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na aliyejifunza uandishi wa habari kwa njia ya posta, alianzisha Mumenyereri mwaka 1945. Gazeti hilo lilinyamazishwa mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, na Muoria aliyekuwa London wakati huo akabaki huko.

Kwa wakazi wa Nyeri, hata hivyo, jina lililo karibu zaidi ni la Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa mwaka 1921, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, jambo ambalo sisi wa idara za Kiswahili tumelisahau mno. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1952 na kukaa kizuizini miaka mingi. Kumbukumbu zake za kizuizini, zilizochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, zilimpatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Alipofunguliwa alirudi kwenye kazi ya uchapishaji, akaweka mtambo wake Karatina na kutoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbĩ. Humo wasomaji walikutana na visa vya Wa-Nduuta, mhusika aliyeizungumza lugha ya sokoni na ya basini. Gakaara alifariki mwaka 2001.

Ni vigumu kumhakiki mtu aliyejitolea kiasi hiki, lakini heshima bila uhakiki haimsaidii anayekuja nyuma. Kwa swali letu la kwanza, nani anaandika, jibu lilikuwa kwa sehemu kubwa: Gakaara. Kwa swali la pili, nani anamiliki, jibu lilikuwa tena: Gakaara. Jina lake lilikuwa kwenye mtambo, kwenye duka la vitabu na kwenye visa vyenyewe. Hilo lilikuwa nguvu yake, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwamuru anyamaze. Lilikuwa pia udhaifu wa jarida, kwa sababu maisha yake yalifungwa na maisha, afya na mfuko wa mtu mmoja. Leo jarida hilo ni mali ya watafiti. Muigwithania lilipata mhariri wa pili. Gĩkũyũ na Mũmbĩ halikuachiwa njia ya kumpata.

Majarida ya programu huria yenyewe

Tukitoka nyumbani na kuwatazama watu wa programu huria huko nje, tunakuta mikasa inayofanana na hii. Mwaka 1995 Mmarekani John Fisk alianzisha Linux Gazette, jarida la bure lililoandikwa na watumiaji kwa ajili ya watumiaji. Kazi ilipomzidi alilikabidhi kwa kampuni moja ya uchapishaji. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vyema: kampuni ilitoa makao, watu wa kujitolea walitoa makala na majibu ya maswali. Mwaka 2003 pande hizo mbili zilitofautiana juu ya namna ya kuliendesha. Wahariri wa kujitolea waliondoka wakaendelea na kazi yao mahali pengine, nayo kampuni ikaendelea na jarida la jina lile lile. Yakawapo majarida mawili yenye jina moja.

Mkasa huu wafaa kuangaliwa kwa makini. Makala yalikuwa chini ya leseni huria, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwazuia waandishi wasiondoke na maandishi yao ya zamani. Jina ndilo lililogombaniwa, kwa kuwa hapakuwa na maafikiano yaliyo wazi juu ya mwenyewe. Jarida la wahariri waliojitenga lilidumu hadi mwaka 2011.

Mfano wa pili ni Full Circle, lililoanzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya watumiaji wa Ubuntu. Nalo pia huandikwa na watu wa kujitolea, hutolewa bure, na limetengwa na kampuni inayoisimamia Ubuntu. Leseni yake inamruhusu yeyote kulinakili na kulitafsiri, na kwa hakika wapo waliojitolea kulitafsiri kwa lugha nyingine. Fani yake ni sahili: mafunzo ya hatua kwa hatua, barua, maswali na majibu, na safu ambamo msomaji wa kawaida husimulia jinsi alivyofika kwenye programu hizi. Mhakiki anayetafuta usanii wa juu hataupata humo. Lakini safu hiyo ya masimulizi ndiyo mlango ambamo msomaji huingia akatoka akiwa mwandishi.

Kwa upande wa Kiswahili, kazi kubwa ilifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wataalamu wa kompyuta na wa lugha waliketi pamoja wakayachagua mamia ya istilahi. Yapasa tuwashukuru. Lakini istilahi ikishawekwa ndani ya programu haijibu barua. Mtumiaji wa Kerugoya anayelikuta neno "kabrasha" kwenye kioo cha kompyuta hana pa kuuliza kwa nini wamelichagua hilo, wala pa kusema kwamba wao kwao wana neno jingine. Hapo ndipo ninapoliona pengo ambalo jarida la Kiswahili lingeliziba.

Rasimu yenyewe: fani na maudhui

Sasa nairudia rasimu ya vijana wangu. Maudhui yake ni mema. Kuna makala juu ya kuweka Linux katika kompyuta iliyochakaa, jambo lenye maana kwa shule zisizo na fedha za mashine mpya. Kuna makala juu ya leseni. Kuna mahojiano na mwalimu. Kasoro za fani ni tatu.

Kwanza, kurasa nne za mwanzo ni sifa: sifa za jarida, sifa za programu huria, sifa za Kiswahili. Msomaji anahubiriwa kabla ya kupewa kitu. Pili, katika kurasa 24 hamna hata moja iliyoachwa kwa barua. Nilipouliza, niliambiwa kwamba barua zitakuja jarida likishajulikana. Hilo ni kuanza kujenga nyumba kwa paa. Muigwithania halikungoja lijulikane ndipo lipate barua. Lilijulikana kwa barua.

Kasoro ya tatu ni ya lugha, nayo ndiyo iliyonigusa. Ukurasa wa 3 unasema "tarakilishi", wa 7 unasema "kompyuta", na wa 15 unasema "ngamizi". Mahali pamoja pana "kipanya", mahali pengine "puku". "Neno la siri" na "nywila" yamo katika aya moja kana kwamba ni vitu viwili. Haya yangerekebishwa kwa kalamu nyekundu. Lakini ukurasa wa 22 haukuwa wa kalamu nyekundu. Humo fundi wa simu ameeleza namna ya kuifufua simu iliyokwama kwa kuiwekea programu upya. Maelezo yake ni bora kuliko makala yote mengine: yana mpangilio, yana tahadhari mahali panapohitaji tahadhari, na yana ucheshi wa mtu anayewajua wateja wake. Ila kila baada ya mistari michache msomaji anaambiwa "aimulike simu". Nilidhani tochi inahitajika.

Nilimwuliza fundi mwenyewe. "Mimi dukani nasema kuflashi, mwalimu," alijibu. "Hiyo ya kumulika ni ya hawa." Nikawageukia wale wanafunzi wawili. Walitazamana, kisha mmoja akasema kwa adabu kwamba nilikuwa nimewafundisha, katika kozi ya mwaka wa kwanza, kwamba neno la kigeni litafutiwe Kiswahili chake kabla ya kukubaliwa. Walikuwa wameangalia kamusi, wakafuata kanuni.

Nakiri kosa. Nilirudi kutoka masomoni ng'ambo na bidii ya kuilinda lugha, nikafundisha uundaji wa istilahi kama kwamba ni kazi ya mtu na kamusi yake mezani. Sisemi kwamba istilahi zisiundwe. "Tovuti" na "barua pepe" ni maneno yaliyoundwa, na leo hakuna anayeyashangaa. Lakini yalishinda kwa kutumiwa, kusahihishwa na kuzoewa na wengi. Neno lililoundwa ni rasimu, kama ilivyo programu. Likikataliwa na wenye kazi, mwenye kuliunda yampasa alirekebishe, asimrekebishe fundi.

Kwa hiyo nilipendekeza ukurasa wa 22 urudishiwe maneno ya fundi, na chini yake pawekwe safu fupi: neno la dukani, neno la kamusi, na nafasi ya msomaji kusema lipi analitumia na kwa nini. Jarida likifanya hivyo kwa miaka mitatu, litakuwa limekusanya istilahi ambazo hakuna kamati ingeweza kuzikusanya, kwa sababu kila neno litakuwa na mashahidi wake kutoka Nanyuki hadi Chuka.

Kiswahili au Kikuyu?

Huenda msomaji akauliza: ikiwa majarida ya zamani yaliyofanikiwa yaliandikwa kwa Kikuyu, kwa nini hili liwe la Kiswahili? Ni swali la haki, na mwalimu wa Kiswahili asilijibu kwa kujipendelea. Muigwithania lilipata barua kwa sababu mwandishi wake aliandika kwa lugha aliyogombana nayo nyumbani na kuomba nayo kanisani. Kwa wengi wa vijijini Nyeri, Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko kubwa na ya polisi.

Lakini jarida hili halikusudiwi kwa Wakikuyu peke yao. Mafundi wa Meru na wa Embu wana lugha zao, na Nanyuki ni mji wa watu wa makabila mengi. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha bila ya kumfanya yeyote kuwa mgeni wa mwingine. Gharama yake ni kwamba waandishi wengi watakiandika kwa woga. Mhariri akiisahihisha kila sentensi mpaka ifanane na ya kitabu cha shule, woga huo utageuka kuwa kimya. Usanifu uwe wa kiwango cha kueleweka kwanza. Mengine yatakuja kwa mazoea.

Sadaka na ngwatio

Wenye kuanzisha kazi za kujitolea hupenda kuitaja methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni methali njema, lakini inamsifu mtoaji na kumwacha hapo. Haisemi lolote juu ya mtoaji aliyechoka, ambaye kwa kuwa alitoa kwa moyo anaona haya kusema kwamba moyo umekwisha. Kazi nyingi za kujitolea hufa kwa namna hiyo: hapatokei ugomvi, toleo la tano linachelewa tu, na la sita halionekani.

Wakikuyu wana utaratibu mwingine, nao ni ngwatio. Majirani hulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, mpaka zamu iwafikie wote. Hakuna ujira, na hakuna sadaka pia. Kila mmoja anajua zamu yake, na asiyefika kwa mwenzake hashangai akilima peke yake. Nadhani programu huria, kwa kiini chake, ni ngwatio: ninarekebisha sehemu inayonisumbua, nawe unaitumia, kesho unarekebisha inayokusumbua, nami naitumia.

Jarida la kujitolea likijengwa juu ya ngwatio litakuwa na sura tofauti na lile la sadaka. Anayeandika apate kitu: makala yake isomwe na wawili kabla ya kuchapwa, jina lake liandikwe, na swali lake lijibiwe katika toleo linalofuata. Tusisahau kwamba ngwatio ina kasoro yake: asiye na shamba haalikwi. Katika jarida, asiye na ujuzi ndiye asiye na shamba. Basi swali la anayeanza lihesabiwe kuwa mchango kamili, lichapwe na jina la mwulizaji, kwa kuwa bila swali hilo mjuzi hana la kuandika.

Mambo machache ya utaratibu yanafuata kutokana na hayo. Jina la jarida liandikwe, tangu siku ya kwanza, kwamba ni mali ya kundi na si ya mtu wala ya kampuni. Leseni ya makala itajwe kwenye ukurasa wa pili. Uhariri uwe wa zamu, kila mhariri matoleo mawili, na anayefuata akae naye akijifunza. Hesabu ya karatasi na wino ichapwe ndani ya jarida hata kama ni shilingi 800. Nakala zitunzwe katika maktaba zaidi ya moja. Sasa tuna vyuo vikuu katika miji yetu wenyewe, cha Dedan Kimathi kilichopata hati yake mwaka 2012, na vya Karatina, Meru na Chuka vilivyozipata mwaka 2013. Isiwe tena kwamba watoto wetu watatusoma katika tafsiri ya mpelelezi. Mwisho, sheria ichunguzwe mapema. Marekebisho ya mwaka 2002 yaliipandisha dhamana ya mchapishaji chini ya Sheria ya Vitabu na Magazeti kutoka shilingi 10,000 hadi 1,000,000, na jarida la kurasa 24 lisiseme kwamba ni dogo mno kuonekana.

Hitimisho

Tumeona kwamba majarida madogo ya sehemu hii hayakupishana sana kwa bidii ya waanzilishi wake. Wote walikuwa na bidii, na wengine walilipa kwa uhuru wao. Yalipishana kwa nafasi waliyompa msomaji. Pale msomaji alipokuwa na ruhusa ya kujibu, chombo kilimshinda mhariri kwa umri. Pale alipobaki kusikiliza tu, chombo kilikwenda na mwenyewe.

Niliwarudishia vijana rasimu yao. Nilikataa kuwa mhariri mkuu, nao hawakufurahi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuliandika jina langu kwenye jalada. Niliwaahidi kwamba nitashika zamu ya toleo la tatu kama mtu mwingine yeyote, na kwamba toleo la kwanza lisimamiwe na yule fundi wa Karatina. Alisita, akisema Kiswahili chake si cha kuandikia. Nilimwonyesha ukurasa wa 22 kama alivyouandika yeye mwenyewe kwa kalamu, kabla haujapita mikononi mwa wanafunzi wangu. Wakati ninapoyaandika haya, toleo la kwanza bado halijatoka. Kurasa nne za sifa zimeondolewa, na mahali pake pamewekwa barua tatu: moja kutoka Naro Moru, moja kutoka Embu, na ya tatu kutoka kwa mwalimu mmoja wa Othaya, ambaye anataka kujua kwa nini lazima tuseme nywila.